Naam Niliyoitika Chini ya Gari

Siku niliyorudisha ovaroli yangu ya mwisho kwa mtunza stoo, nyinyi wenzangu mliobaki gereji mliniomba jambo moja: niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukipandisha mipira ya kupumulia kwenye magari yanayovuka maji. Siku hizi vifaa vyake huja kwenye boksi pamoja na karatasi ya michoro, na mliniambia michoro ile haiwaingii. Hata mimi hainiingii. Basi nimekaa kibarazani kwangu hapa Majengo na daftari, na kila nikianza habari ya mpira, kalamu inakwenda kwa Faraj. Nimeshindana nayo siku mbili nikachoka. Nitawaandikia yote mawili, mtachagua wenyewe la kuchukua.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vilivyokuwepo mliviona, na visivyokuwepo mlinisikia nikivilalamikia.

Nilifika Shimanzi, hapa Mombasa, nikitokea Kitui, na cheti cha ufundi ndani ya mfuko wa plastiki ili kisilowe jasho. Gereji yetu ilikuwa nyuma ya maghala, pale ambapo malori hupita mchana kutwa na vumbi la simiti hukaa kwenye kope. Fundi mkuu alikuwa Fundi Kassim, mtu wa Mji wa Kale, mfupi, mwenye kofia ya kufuma ambayo sikuwahi kuiona na doa la oili. Nikamnyoshea cheti. Hakukitazama. Alikuwa amesimama mbele ya landrova iliyofunguliwa boneti, akanipa ncha ya mpira mwembamba mweusi.

"Puliza," akaniambia.

Nikapuliza. Kutoka chini ya gari sauti ya mtu nisiyemwona ikaitika, "Naam!"

"Haya," akasema Fundi Kassim. "Kesho ndoo mapema, uje na nguo za kazi."

Sauti ile ilikuwa ya Faraj. Kwa hiyo Faraj nilimsikia kabla ya kumwona, na pengine ingefaa tungeishia hapo.

Sasa sikilizeni sababu ya kupuliza, nayo nitaieleza kama nilivyoelezwa siku ya pili, nikiwa nimechuchumaa kando ya gurudumu. "Difu yapumua, mwanangu, kama wewe," alisema Fundi Kassim. "Ikipata moto yatoa pumzi, ikipata baridi yaivuta. Sasa gari limekwenda mwendo mrefu, difu ina moto, ukaitia mtoni. Itavuta. Itavuta nini? Kilichoko mdomoni mwake." Na mdomo wa difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, kama kiwanda kilivyouweka, uko pale pale juu ya ekseli, chini kabisa. Gari likizama hadi katikati ya gurudumu, difu inakunywa. Oili na maji vikichanganyika, meno na beringi havimalizi safari.

Dawa yake ni kuuhamisha mdomo. Ondoa kile kifuniko kidogo cha kiwanda, funga nipeli, kijibomba cha kuvalia mpira, mahali pake, vuta mpira usioliwa na oili, upandishe mpaka nyuma ya injini, juu ya usawa wa taa. Acheni ulegevu wa kutosha pale chini, maana ekseli hushuka gari likipita shimoni, na mpira uliokazwa utachomoka. Usipite karibu na ekzosi. Usiruhusu mpira ufanye tumbo njiani, kwa sababu maji ya unyevu hukaa tumboni na kuziba. Upande tu, upande, kisha ncha yake ya juu iinamie chini kama mpini wa mwavuli. Klipu ikazwe mpaka ishike, si mpaka iume. Fanya hivyo kwa difu ya mbele, ya nyuma, giaboksi, na giaboksi ndogo ya foo-wili. Mipira minne.

Lakini huku kwetu kuna nyigu. Wale waliochora michoro ya kwenye boksi hawamjui. Nyigu wa Shimanzi hawezi kuona tundu likiwa wazi akapita. Lazima aingie, alete tope, ajenge nyumba, atage, na aondoke akiwa ameridhika. Hajui likizo. Mpira ukining'inia stoo wiki moja tu, tayari una mpangaji. Na mpira ulioziba ni mbaya kuliko kutokuwa na mpira kabisa, maana difu ikishindwa kuvuta hewa juu, itavuta maji kupitia kwenye sili, zile pete za kuzuia oili.

Ndiyo maana Fundi Kassim aliweka sheria ya kupuliza. Kabla mpira haujaungwa chini, mmoja asimame juu apulize kwa mdomo, mwingine alale chini na ncha ya pili shavuni. Shavu liwe na unyevu, ndipo lihisi pumzi ndogo; Mombasa hilo halihitaji kutafutiwa maji. Akihisi upepo aseme naam. Asipohisi, aseme hamna. Upepo wa mashine alituharamishia, alisema unasukuma kila kitu na hauna aibu. Na aliye juu hamwoni aliye chini. Kazi yote inasimama juu ya neno moja la mtu usiyemwona uso.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, mimi na Faraj, mara huyu juu, mara huyu chini.

Faraj alikuwa wa Kibokoni, katika ukoo wa watu waliotoka Arabuni tangu zama za mababu wa mababu. Alikuwa rika langu, mrefu, mwenye vidole ambavyo vingemfaa zaidi mshona kofia. Nimwelezeje ili mwone nilichokuwa nikikiona? Mipira yangu ilifika ilikokuwa ikienda. Mipira ya Faraj ilifika kana kwamba gari lilizaliwa nayo. Ilifuata chasisi, ikapinda mara moja, ikapanda. Fundi Kassim alikuwa akiwaita wenye magari, anawainamisha wazee wa watu na kanzu zao, anawaambia, "Tazameni." Kwangu alikuwa akipitisha kiganja juu ya kazi, anakung'uta mkono, anasema, "Itafanya kazi." Miaka yote hiyo, Faraj ni tazameni, mimi ni itafanya kazi.

Nilimwonea wivu. Ningeweza kutafuta neno lililotulia zaidi, lakini nimestaafu na sina haja tena ya kujipendekeza. Nilimwonea wivu kwa vidole vyake, na kwa jinsi alivyokuwa akitania na Fundi Kassim kwa Kimvita mbio mbio, mimi na Kiswahili changu cha bara nikibaki kucheka baada yao. Saa nne walikula mahamri na mbaazi kwenye sinia moja juu ya pipa la mafuta. "Karibu, Musyoka," Faraj alikuwa akiniita kila siku. Kila siku nilijibu nimeshiba, kisha nikakasirika kwamba wanakula bila mimi.

Nilimwonea wivu hata kwa kisu. Fundi Kassim alikuwa na kisu kidogo cha mpini wa pembe, cha kukatia mpira tu. Mpira ukikatwa mshazari hauketi vizuri kwenye nipeli. Kisu kile kilikata wima, safi. Hakikutoka mfukoni mwake ila kwenda mkononi mwa Faraj. Mimi nilitumia msumeno wa chuma na kusugua kwa msasa, nikijiambia kizuri chajiuza.

Mwaka mmoja mvua za masika zilikuwa kubwa, na upande wa delta ya Tana vijiji vilikatika. Shirika moja la madaktari likatuletea landrova mbili tuziandae kwa kuvuka maji, moja ya Faraj, moja yangu. Moja ingebaki akiba. Nyingine ingepeleka chanjo za watoto ndani ya masanduku ya barafu, siku ya Ijumaa. Dereva wao alikuwa Mzee Katana, Mgiriama mpole aliyependa kuinama na kutazama kazi mwenyewe.

Ile yangu niliifanya siku nne. Sijawahi kufanya kazi vile, wala kabla wala baadaye. Niliipima mipira kwa kamba, nikaificha nyuma ya chasisi, nikaipandisha bila tumbo hata moja. Asubuhi ya Ijumaa Mzee Katana akaja, akainama chini ya gari langu, akakaa huko kitambo. Nikiwa nyuma ya mlango wa stoo nikamsikia akisema, "Masha Allah, Fundi. Hii ni kazi ya Faraj?"

"La," akajibu Fundi Kassim. "Hii ya mwenzake."

Mwenzake! Siku nne, na sikupata hata jina.

Kisha wakachagua kwenda na gari la Faraj.

Saa tano nikaitwa niingie chini ya gari hilo nimwitikie, kwa sababu ilibaki kupuliza tu, na watu walitaka kuwahi swala. Nikalala chali kwenye gunia. Mpira wa mbele, nikahisi upepo, naam. Giaboksi, naam. Giaboksi ndogo, naam. Neno lile mwenzake lilikuwa likinizunguka kichwani kama inzi.

"Ya nyuma!" akaita Faraj.

Nikaweka ncha shavuni. Hakukuja kitu. Nakumbuka vizuri kwamba hakukuja kitu, kwa sababu nilisubiri. Nikaona viatu vya Faraj vimesimama kando ya gurudumu la mbele, safi kama kawaida yake.

"Naam," nikasema.

Nikaunga mpira, nikakaza klipu, nikatoka, nikafuta mikono. Mmewahi kuniuliza kama nimewahi kufanya kosa kubwa kazini, nikawaambia habari ya lile lori lililoanguka jeki. Kosa kubwa lilikuwa hili, na lilichukua muda wa kukaza klipu. Sikutaka gari liharibike. Sikuwafikiria madaktari wala watoto, na huo ndio ubaya wenyewe. Nilitaka tu mara moja, mara moja tu maishani, kazi ya Faraj isifanye kazi.

Siku ya sita landrova ilirudi juu ya lori. Mzee Katana alishuka akiwa na tope lililokauka mpaka kwenye nyusi. Alituambia difu ilianza kulia baada ya maji ya pili, na katika maji ya tatu ikakwama kabisa, nao wakiwa katikati, maji yakiingia mlangoni. Walitolewa na watu wenye kamba. Barafu iliyeyuka, chanjo zikaharibika. "Ng'ambo tuliwaona kina mama wamekaa na watoto tangu alfajiri," alisema. "Walitupungia. Walidhani twaja."

Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Lakini wale kina mama nimekuwa nao tangu siku hiyo, ingawa sijawaona.

Fundi Kassim akafungua nati ya chini ya difu. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akachomoa mpira wa nyuma, akatoa kisu, akaupasua kwa urefu wake bila haraka. Katikati ya mpira palikuwa na tope gumu, ukubwa wa kokwa ya tende.

"Labda nyigu aliingia safarini," nikasema. Hakuna aliyeniuliza.

"Nyigu hajengi ndani ya gari liendalo," alisema Fundi Kassim. "Nani alipuliza?"

"Mimi," akasema Faraj.

"Nani aliitika?"

"Mimi," nikasema.

"Ulisikia upepo?"

"Nilisikia."

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Nilingoja Faraj anitupie lawama. Nilikuwa hata nimeshaandaa maneno yangu. Faraj akatazama ule mpira uliopasuliwa, akasema taratibu, "Kosa langu, Fundi. Gari nilifunga mimi."

Basi. Hakuna aliyemfukuza. Lakini Shimanzi ni maghala na midomo, na baada ya wiki mbili kila dereva alikuwa akisema gari la maji usimpe Faraj. Mwisho wa mwezi akakunja ovaroli yake vizuri, kama shati la Idi, akaenda. Siku ile ile Fundi Kassim akanitilia kisu cha mpini wa pembe kwenye kiganja. "Kata wima," alisema, na sikumsikia akisema zaidi.

Mngedhani wivu ungeishia hapo. Nilikuwa na kisu, nilikuwa na fundi, nilikuwa na sinia la mahamri. Lakini kila nilipomaliza kazi nzuri, Fundi Kassim alipitisha kiganja akasema, "Itafanya kazi. Faraj angepitishia huku." Alisema hivyo mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Mtu aliyepo unaweza kushindana naye. Aliyeondoka na jina bovu kwa sababu yako, utamfanya nini?

Nilisikia amefungua kijiduka cha ufundi Mji wa Kale, anatengeneza tuktuk. Nikipata shughuli huko nilizunguka njia ndefu nisipite kwake. Nikasikia madereva wa tuktuk wanampenda, wanamletea kahawa, wanakaa kwenye baraza lake hata kama hawana kilichoharibika. Hilo nalo likaniuma.

Na nyinyi mnakumbuka nilivyokuwa nikiwarudisha chini ya gari mara ya pili na ya tatu, mtu ameshasema naam namwambia rudi sikiliza tena. Mlinipa jina la utani kwa ajili hiyo, mkidhani sijui. Mlidhani ni ukali.

Wiki iliyopita nilikuwa nikisafisha sanduku langu la vifaa, nikakutana na kisu. Nikakifunga kwenye gazeti, nikaenda Mji wa Kale baada ya alasiri, na safari hii nikapita njia fupi.

Faraj alikuwa amechuchumaa mlangoni pake, ndevu nyeupe, vidole vile vile. Akainuka aliponiona. Akanisalimu kwa utaratibu wa watu wa huko ambao haukati kona: hujambo bwana Musyoka, ya nyumbani, watoto, afya, na huko kustaafu kwasemaje. Kumbe habari alikuwa nazo. Nikasema, "Faraj, nina neno nimekuja nalo."

"Neno lasubiri," akasema. "Umekuja wakati mwema. Nna gari hapo nde, mwenyewe yuwaja kulitwaa, na sina wa kuniitikia."

Ilikuwa landrova ya mtu wa uvuvi, imeegeshwa mwisho wa kichochoro kwa kuwa haiwezi kuingia ndani zaidi. Nikatazama chini yake. Mipira ilikuwa imelala kwenye chasisi kama zamani, na zamani yote ikanirudia.

"Ingia tini," akaniambia.

Magoti yangu hayapendi tena kazi hiyo, lakini nikaingia. Akatandaza kigunia kabla sijalala. Nikashika ncha ya mpira wa nyuma, nikaiweka shavuni.

"Ya nyuma!" akaita.

Hakukuja kitu. Nikasubiri. Watu walikuwa wakipita na kuniruka miguu, mmoja akanitolea salamu. Ingekuwa rahisi sana. Wazee wawili, jua kali, mwenye gari yuko njiani. Jasho likanitiririka shingoni.

"Hamna," nikasema.

Viatu vyake havikusogea.

"Hamna upepo, Faraj. Na siku ile ya Ijumaa haukuwepo. Niliitika uongo."

Nikaona viatu vyake vikisogea. Akainama, uso wake ukaja kando ya gurudumu, umegeuka juu chini.

"Najua," akasema. "Leo sijapuliza. Na Ijumaa ile, ya nyuma, sikupuliza."

Nikaishusha ncha ya mpira kifuani.

"Ulikuwa umenuna tangu asubuhi," akaendelea. "Nikasema moyoni, hebu nimjaribu huyu, ataitika kwa haki ama kwa hasira. Nikaita, nikafumba mdomo. Ukasema naam. Yakhe, nilikasirika! Nikasema, haya, nampulizia nini mtu kama huyu? Kumbe nyigu yumo. Ningepuliza, angejulikana. Fundi aliponiuliza, ningemwambia nini? Wewe ulisema uongo neno moja, naam; nami nilisema uongo neno moja, mimi."

Wenzangu, nitawaambia nilichohisi, na msinicheke. Si nafuu. Miaka yote nilibeba mzigo mzima, kumbe nusu yake ilikuwa ya Faraj, naye alikuwa ameibeba nusu yake kwa uso uliotulia, akinywa kahawa na watu wa tuktuk, bila kuzunguka njia ya mtu. Hata katika kosa alikuwa amefanya kazi safi kuliko yangu. Nilimwonea wivu nikiwa nimelala chali, na miaka yangu hii.

Nikatoa gazeti mfukoni nikampa huko huko chini. Akafungua, akakigeuza kisu juani. Makali yalikuwa yameliwa na kunoa kwangu mpaka yamekuwa membamba kama jani.

"Umekitumia," akasema.

"Nimekitumia."

Akavuta ncha ya mpira kutoka mkononi mwangu, akaikata kipande kidogo, mara moja, wima. Mimi huikata mara mbili. Akanirudishia ncha, akasimama, viatu vikaenda mbele.

"Ya nyuma!" akaita.

Upepo ukaja shavuni, mdogo, una harufu ya kahawa. Nikakaa nao.

"Mbona huitiki?" akauliza kutoka juu.

"Nasikiliza," nikasema. "Puliza tena."

Akapuliza tena.

"Naam," nikaitika.